Sauti ya Pili Iliponyamaza

Zamani chumba cha muziki kilikuwa stoo ya madawati mabovu, na harufu ya mbao kuukuu haikuwahi kutoka. Ndani mlikuwa na mabenchi marefu, ubao, na kinanda kidogo cha umeme ambacho baadhi ya vitufe vyake vilikuwa vimekufa. Mwalimu wa muziki hakukionea haya kinanda chake. Vidole vyake vilipofika kwenye kitufe kilichokufa, alikiimba kwa mdomo, "laaa," kisha akaendelea kupiga kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanafunzi wa darasa la sita walikwisha kuzoea na hawakucheka tena.

Kila Jumatano baada ya mapumziko, kipindi kilianza vilevile. Waligonga mapigo kwenye mabenchi kwa penseli, wakapanda ngazi ya do, re, mi na kushuka nayo, halafu wale wa kwaya wakagawanywa kwa sauti. Sauti ya kwanza ilikaa dirishani, sauti ya pili katikati, na wavulana wa sauti ya tatu karibu na mlango, "ili wakikosea watoke wenyewe," kama mwalimu alivyopenda kuwatania.

Mwalimu huyo alikuwa na desturi yake ya kupanga watu. Wenye sikio zito hakuwaweka pamoja hata siku moja. Kila mmoja wao alimsimamisha kando ya mtu mwenye sikio jepesi, akamwambia, "Mtegee sikio jirani yako. Ukimsikia yeye, utajipata na wewe."

Katikati ya sauti ya pili alisimama msichana ambaye mwalimu alimpa jina la Nguzo. Sauti yake haikuwa kubwa, wala haikuwa tamu ya kumfanya mtu ageuke njiani, lakini haikuyumba. Sauti ya kwanza hubeba wimbo wenyewe, ule ambao kila mtu anaujua. Sauti ya pili hupita chini yake kwa njia yake, na ni rahisi mno kuiacha njia hiyo na kuvutwa juu na wenzako. Nguzo hakuvutwa. Wenzake wa sauti ya pili walimfuata kama watu wanaovuka maji wanavyomfuata aliyetangulia.

Kushoto kwake alisimama rafiki yake, Chiriku, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya domo lake. Alianza kuongea alipofumbua macho na kuacha alipolala, na bibi yake aliyemlea alisema hata usingizini alikuwa akijibu maswali ambayo hakuulizwa. Chiriku akishaipata njia ya wimbo, sauti yake ilikuwa safi na kubwa kuliko ya Nguzo. Shida ilikuwa kuipata. Peke yake alipotea kabisa, lakini akimsikia Nguzo sikioni, aliimba kwa raha mpaka mwisho.

Walimu wote wa shule hiyo walimwambia Chiriku, "Hebu nyamaza!" Katika chumba cha muziki tu ndimo alimoambiwa, "Paza sauti." Basi aliipenda kwaya kuliko kitu chochote duniani. Alifika wa kwanza, akafuta mabenchi vumbi kwa kitambaa chake, akawagombeza waliochelewa.

Mashindano ya kwaya za shule yalipokaribia, mwalimu aliwakusanya wanakwaya wa madarasa yote, akawaletea wimbo mpya unaosimulia safari ya mto. Ubeti wa pili uliimbwa na mtu mmoja peke yake. Ubeti wa tatu ulianzwa na sauti ya pili bila kinanda, na wengine wakaungana nayo baadaye.

Nguzo aliutaka ule ubeti wa pili. Aliuimba bafuni, akauimba akiosha vyombo, akauimba njiani mpaka Chiriku akamwambia, "Ndugu yangu, hata mbuzi wa mtaani kwetu sasa wanaujua." Siku ya kuchagua ilipofika, mwalimu aliwasikiliza wote waliotaka, halafu akamchagua msichana wa darasa la nne aliyeitwa Kijiti kwa wembamba wake.

Nguzo alibaki darasani wenzake walipotoka. "Mwalimu, mimi nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Kijiti ana sauti ya juu, na ubeti ule uko juu. Tena nikikuondoa wewe pale katikati, nyumba nzima inaanguka."

"Lakini pale hakuna anayenisikia."

Mwalimu akacheka. "Ndiyo kazi ya nguzo hiyo, binti. Watu wanasifia paa."

Alidhani amemsifu. Nguzo alitoka akiwa amekunja uso, na maneno yale yakamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nyumbani, chumba cha mbele ndicho kilichokuwa saluni ya mama yake. Mama alikuwa msusi. Rasta za kila rangi zilining'inia kwenye misumari, na jioni Nguzo alikaa kwenye kigoda akizichambua na kumpa mama vijifungu huku wateja wakipiga soga. Aliwaeleza yaliyompata.

"Subiri, mwanangu," mama alisema bila kuacha kusuka. "Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu zimekwisha kuliwa na Kijiti," Nguzo alijibu, na wateja wakaangua kicheko. Walidhani anatania.

Hapo ndipo wazo baya lilipomwingia, na tuseme kweli, hakulifukuza. Siku ya mashindano, sauti ya pili itakapoanza ubeti wa tatu, yeye atafungua mdomo vizuri, atachezesha midomo kama wengine, lakini hatatoa sauti. Sauti ya pili itapwaya kidogo. Mwalimu atashtuka, atamtazama, atajua ni nani aliyekosekana. Baada ya hapo ataimba kama kawaida, na mambo yatakwenda. Hakutaka washindwe. Alitaka tu, kwa mara moja, watu wajue kwamba yupo. Wivu una hesabu zake, na nyingi hazitoki sawasawa. Nguzo alimfikiria mwalimu, akamfikiria Kijiti, akajifikiria mwenyewe sana. Chiriku hakumfikiria hata kidogo.

Mashindano yalifanyika katika ukumbi mkubwa wenye viti vya plastiki na mapazia yaliyofifia. Wazazi, walimu na wanafunzi wa shule nyingine walijaa mpaka milangoni. Chiriku alitetemeka kwa furaha. Kabla hawajapanda jukwaani alimfinya Nguzo mkono, akamnong'oneza, "Leo usinikimbie, eti? Nikikupoteza nimekwisha." Nguzo aliitikia kwa kichwa. Mtu mwingine angeacha mpango wake hapohapo.

Wimbo ulianza vizuri. Kijiti alitoka mbele kwa ubeti wa pili, akauimba kwa sauti nyembamba iliyofika mpaka viti vya nyuma, na alipomaliza ukumbi mzima ukaguna kwa raha. Mguno ule ulimchoma Nguzo. Kama alikuwa na huruma iliyobaki, ilimtoka.

Mwalimu aliwageukia sauti ya pili, akainua mkono. Nguzo alifungua mdomo wake, na hakikutoka kitu.

Chiriku aliegemeza kichwa upande wa rafiki yake, akatega sikio. Hakusikia chochote. Wimbo haumngoji mtu, na mkono wa mwalimu ulikuwa umekwisha kushuka. Akiwa na hofu, Chiriku alishika kilicho karibu, yaani njia ya sauti ya kwanza, akaiimba kwa nguvu zake zote, juu mno, mpaka sauti ikapasuka. Wenzake wa sauti ya pili, kwa kuwa yeye tu ndiye aliyesikika, walimfuata. Wengine wakabaki chini. Sauti ya kwanza ilipoingia, haikujua imfuate nani, na Kijiti akaanza kulia palepale mbele za watu. Mtu mmoja nyuma alicheka. Kisha ukumbi wote ukacheka.

Ilikuwapo bado nafasi. Kama Nguzo angeimba wakati ule, kwa ile sauti yake isiyoyumba, pengine wangejikusanya. Lakini aliona kwamba akiimba sasa, kila mtu atagundua kuwa mwanzo hakuimba. Akaendelea kuchezesha midomo mpaka wimbo ulipokwisha.

Walikuwa wa mwisho. Walipokuwa nje, kwenye korido, mwalimu mkuu aliwajia akiwa amevimba kwa hasira. "Nani aliyekuwa akipiga yowe lile?"

Hakuna aliyesita. Vidole vyote vilimwelekea Chiriku.

"Mwalimu, sikumsikia Nguzo," Chiriku alisema. Machozi yalikuwa yakimtiririka. "Huwa ninamsikia. Leo sikumsikia kabisa."

"Mimi mdomo wangu ulikuwa wazi mwanzo mpaka mwisho," Nguzo alijibu haraka. "Waulizeni."

"Ni kweli, nilimwona akiimba," alisema msichana mmoja wa safu ya mbele, ambaye alipogeuka aliona midomo tu.

Mwalimu wa muziki alimtazama Nguzo kwa muda. Alitaka kusema neno, halafu akalimeza.

Chiriku alimgeukia rafiki yake. "Ndugu yangu, sema basi," alimwomba kwa sauti ya chini. Nguzo aliinama, akaanza kufunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Umekosea, tena unamsingizia mwenzako!" mwalimu mkuu alifoka. "Hilo ni baya kuliko kuharibu wimbo. Kwaya basi. Sitaki kukuona humo tena."

Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Chiriku tena. Walimwita Honi. Alipopita uwanjani wavulana walibana pua na kulia kama magari, na waliokuwa marafiki zake waliona ni afadhali kucheka kuliko kuchekwa. Alizuiwa kwaya, lakini kipindi cha muziki kilikuwa cha darasa zima, kwa hiyo Jumatano ilimbidi aingie. Alikaa benchi la nyuma. Walipogonga mapigo, aligonga. Walipoimba, alibana midomo na kutazama sakafu.

Nguzo, kwa upande wake, alipata alichokitaka. Kijiti alikataa katakata kuimba peke yake tena, na sherehe ya kufunga shule ilikuwa mbele yao, wazazi wote wakiwa wamealikwa. Mwalimu wa muziki akampa Nguzo ubeti wa pili. Wenzake walimpongeza. Aliuimba kwenye mazoezi na ukaimbika vizuri, na hilo ndilo lililomkera zaidi, kwa sababu alitamani ukatae. Kila alipomaliza alijikuta akisikiliza upande wa kushoto, ambako Chiriku angekuwa amekwisha kusema maneno kumi ya utani. Hapakuwa na mtu wa kumtania. Wivu wake ulikuwa umekwisha, na sasa aliona haya usiku na mchana.

Jumamosi moja bibi yake Chiriku alikuja kusukwa. Alikuwa mama mzee mchangamfu, lakini siku hiyo alikaa kwenye kiti kama mtu aliyetoka msibani.

"Mjukuu wako hajambo?" mama yake Nguzo aliuliza akimchana.

"Anaumwa ugonjwa nisioujua, mwanangu. Yule mtoto alikuwa akinichosha kwa maneno. Nilikuwa nasema, ee Mungu, nipe dakika moja ya kimya. Sasa nimepewa, na sikitaki." Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Namwuliza jambo, ananijibu kwa kichwa. Juzi nilimkuta anaosha vyombo, akaanza kuvumisha wimbo. Unajua alifanya nini? Alijiziba mdomo kwa mkono. Mkono wenye povu la sabuni! Kama mtu aliyetaka kutukana. Ameniambia, 'Bibi, mimi nina sauti mbaya.' Na mbaya zaidi, ananiambia hata yeye mwenyewe hajui tena kama alisema kweli. Anasema, 'Labda Nguzo aliimba. Labda masikio yangu ndiyo mabovu.'"

Fungu la rasta lilimdondoka Nguzo. Bibi akamgeukia. "Wewe ni rafiki yake, mjukuu wangu. Njoo uongee naye. Labda wewe atakusikiliza."

Nguzo hakuweza kumtazama. Alitoka, akaenda kukaa nyuma ya nyumba karibu na pipa la maji, na bibi alipokwisha kuondoka mama yake alimfuata huko.

"Nimekuangalia kwenye kioo wakati yule mama akiongea," mama alisema. "Una nini?"

Nguzo alimwambia yote, tangu maneno ya paa na nguzo mpaka kamba za kiatu. Alilia sana. Mama hakumbembeleza.

"Umempokonya yule mtoto kwaya," alisema hatimaye, "na jina lake, na marafiki. Halafu ukamfanya ayashuku masikio yake mwenyewe. Kwa sababu ya ubeti mmoja."

"Mama, nisamehe."

"Usiniombe mimi msamaha. Mimi sikuwa jukwaani. Jumatatu utasema mbele ya walewale uliowanyamazia."

"Watanichukia."

"Watakuchukia. Chiriku wanamchukia sasa hivi, na hajafanya kitu."

Jumatatu kwaya ilipokusanyika, Nguzo alimwomba mwalimu wa muziki amwite Chiriku na mwalimu mkuu. Alisimama mbele ya kinanda. Alisema kwa maneno mafupi, bila kujitetea. "Chiriku alisema kweli. Siku ile sikuimba. Nilifungua mdomo tu. Nilifanya makusudi, kwa sababu nilinyimwa ubeti wa pili. Yeye alipotea kwa sababu yangu, na nilimwacha abebe lawama."

Mvulana mmoja wa sauti ya tatu akasema, "Nyoka wewe," na mwalimu mkuu hakumkemea.

Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia ni kwamba mwalimu wa muziki alimwendea Chiriku, akachuchumaa mbele yake. "Nami nina kosa, binti yangu. Siku ile nilisikia sauti ya pili imekufa kabla wewe hujakosea. Nilimshuku Nguzo. Nikanyamaza, kwa sababu niliogopa kumpoteza na sherehe iko mbele. Ningesema, usingeteseka. Nisamehe."

Mwalimu mkuu naye aliomba radhi, na kesho yake asubuhi akairudia radhi yake mbele ya shule nzima. Nguzo alinyang'anywa ubeti wa pili. Alitarajia hivyo, na hakulalamika. Kijiti alibembelezwa mpaka akakubali kuuimba tena.

Chiriku aliulizwa kama atarudi kwaya.

"Nitarudi," alisema. Alimtazama Nguzo usoni kwa mara ya kwanza tangu mashindano. "Nimekusamehe. Lakini sitasimama pale tena."

Akaenda kusimama mwisho wa safu, pembeni ya msichana mwenye sikio zito kama lake, na mwalimu, kinyume cha desturi yake, akawaacha. Siku za mwanzo walipotea wote wawili, wakacheka, wakaanza upya. Wakati wa mapumziko Chiriku alibaki na mwalimu kwenye kinanda, akijifunza kuitafuta njia peke yake, sauti moja moja. Ilimchukua muda mrefu, na maneno yake mengi yalirudi polepole. Lakini alipokuwa karibu na Nguzo aliyapima kabla ya kuyatoa, na zamani hakuwahi kupima neno.

Sherehe ilipita, na kwaya ikapigiwa makofi. Nguzo aliimba katikati ya sauti ya pili, na kushoto kwake palibaki wazi. Mwalimu alikuwa amemwambia msichana mmoja asimame pale, na msichana huyo akasema hapana, anaogopa.

Wazazi walipokuwa wakitawanyika, Nguzo alimfuata mwalimu aliyekuwa akikunja waya wa kinanda. "Mwalimu, nimesema kweli. Nimeomba msamaha. Chiriku amenisamehe. Mbona hali ni ileile?"

Mwalimu aliweka waya chini. "Keti nikuambie. Watu wanadhani uwongo husemwa kwa ulimi tu. Wewe uliusema bila kutoa hata sauti, na mimi niliusema kwa kunyamaza. Mtu anayetegemewa na wenzake akijitia yupo na kumbe hayupo, amedanganya, tena vibaya. Ulipokiri ulifanya vema. Chiriku amerudishiwa jina lake, na hilo ni kubwa. Msamaha alikupa siku ileile, kwa neno moja, kwa sababu ana moyo mzuri. Lakini kukuamini ni jambo lingine. Huwezi kumwomba akupe. Utalifanyia kazi, naye ataamua mwenyewe."

"Nikiimba vizuri kila siku, atarudi kusimama na mimi?"

"Huenda akarudi, huenda asirudi," mwalimu alisema, akainua kinanda chake na kukiweka kwapani. "Na asiporudi, utaimba vizuri hivyohivyo."